Pikapu ya piezo ikinyamaza kwenye gitaa la umeme: kukarabati, kubadilisha tandiko, kubadilisha priampu au kuhamia pedali

Anayenunua gitaa la umeme lenye pikapu ya piezo, yaani kihisi kinachogeuza mgandamizo wa uzi kuwa umeme, huwa anataka sauti mbili katika chombo kimoja: sauti nene ya pikapu za sumaku kwa upigaji wake wa kawaida, na sauti angavu inayokaribia ile ya gitaa kavu kwa nyimbo zinazoihitaji. Sauti hii ya pili inapopotea, njia zilizo mbele yake ni nne. Anaweza kukarabati njia ya umeme iliyopo, yaani betri, jeki, nyaya na swichi. Anaweza kubadilisha tandiko moja au daraja zima, yaani sehemu ya gitaa inayobeba nyuzi. Anaweza kubadilisha priampu, yaani saketi ndogo inayotayarisha ishara dhaifu ya piezo kabla ya amplifaya, ama kwa kuweka nyingine ndani ya gitaa ama kwa kutumia ya nje. Na anaweza kuachana na piezo kabisa akanunua pedali inayoiga sauti ya gitaa kavu. Njia hizi zinatofautiana sana kwa gharama na kwa matokeo, na tatizo ni kwamba dalili ile ile, ukimya, inaweza kumsukuma mtu kwenye yoyote kati ya hizo. Msimamo wangu ni kwamba hakuna faida ya kulinganisha bei na chapa kabla ya kujua sauti inafia wapi, na kwamba aliyekwisha kulijua hilo mara nyingi huona kuwa njia ya gharama ndogo inamtosha.

Tandiko ninalolitaja hapa ni kile kipande kidogo cha daraja ambacho uzi hukikalia. Katika magitaa mengi ya aina hii kila uzi una tandiko lake, na ndani yake au chini yake kuna kipande cha seramiki. Tabia ya baadhi ya kristali kutoa chaji ya umeme zinapogandamizwa ilionyeshwa na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880, na ndiyo tabia inayotumika hapa: uzi hutikisika, tandiko hugandamizwa na kuachiliwa mamia ya mara kwa sekunde, na seramiki hutoa chaji ndogo sana inayofuata mtikisiko huo. Chaji hiyo hupita kwenye waya mwembamba, huingia kwenye tumbo la gitaa, hukutana na zile za nyuzi nyingine, hufika kwenye priampu inayotumia betri ya volti 9, hupita kwenye swichi au kwenye kinobu cha kuchanganyia, kisha hutoka kwenye jeki. Seramiki yenyewe haina sehemu inayozunguka wala inayosuguana, hivyo si rahisi ichakae. Vinavyochoka ni vile vinavyoizunguka.

Kutafuta mahali sauti inapofia

Anza na betri hata kama una hakika kwamba ni mpya, na uipime ikiwa ndani ya gitaa huku kebo imechomekwa, kwa maana betri iliyochoka inaweza kuonyesha volti nzuri ikiwa peke yake na kuanguka mara tu inapopewa kazi. Betri mpya ya alkali husoma juu kidogo ya volti 9. Ikiwa imeshuka chini ya volti 7.5, ibadilishe kabla ya kuwaza lolote jingine. Usipopata volti kwenye priampu ilhali betri ni nzima, tazama jeki. Katika magitaa mengi ya aina hii jeki ni ya stereo, na mguso wake wa katikati ndio unaofanya kazi ya swichi ya betri: kebo ikiingia, mguso huo huunganishwa na ethi, yaani upande wa ardhi wa saketi, na priampu huwaka. Ulimi wa mguso huo ukipinda kidogo tu, priampu haipati umeme. Hii ndiyo sababu pia ya kuchomoa kebo kila unapomaliza kupiga, kwa kuwa gitaa lililoachwa na kebo usiku kucha linaendelea kula betri.

Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba katika baadhi ya magitaa pikapu za sumaku hazipiti kwenye priampu hata kidogo, kwa hiyo betri ikifa sauti ya sumaku inabaki safi na piezo peke yake inanyamaza. Mpigaji huhitimisha kwamba piezo imekufa, kumbe ni betri. Katika magitaa mengine kila kitu hupita kwenye priampu, na hapo betri ikiisha gitaa zima hunyamaza. Kuna pia magitaa yanayotoa sumaku kwenye ncha ya jeki na piezo kwenye mguso wa katikati. Ukitumia kebo ya mono kwenye jeki kama hiyo, mguso wa katikati hupigwa shoti kwenye ethi na piezo hutoweka bila kuwa na kosa lolote. Kebo ya stereo huirudisha mara moja.

Betri, jeki na kebo zikiwa salama, weka swichi kwenye piezo pekee, punguza sauti ya amplifaya, kisha gonga kila tandiko taratibu kwa kijiti cha mbao au kwa kitako cha penseli. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na hakuna kingine kinachoeleza mengi kwa muda mfupi hivyo. Tandiko zima hutoa mlio mkavu ulio dhahiri. Tandiko lililokatika hutoa mlio hafifu wa mbali, ambao kwa hakika ni mtikisiko uliosafiri kupitia chuma cha daraja na kunaswa na majirani zake. Baada ya kugonga, piga kila uzi mmoja mmoja kwa nguvu ile ile na usikilize tofauti.

Hapa ndipo panapohitaji utulivu, kwa sababu kukatika na kupigwa shoti ni makosa mawili yenye matokeo tofauti kabisa. Ikiwa matandiko yote sita yameunganishwa pamoja sambamba kabla ya kufika kwenye priampu, basi tandiko ambalo waya wake umekatika hunyamazisha uzi wake tu, na nyuzi tano nyingine huendelea. Lakini tandiko ambalo waya wake umebanwa na ngozi yake ikachubuka hadi kugusa chuma cha daraja hupeleka chaji ya matandiko yote sita kwenye ethi, na piezo nzima hunyamaza kwa kosa la uzi mmoja. Mtu asiyejua tofauti hii ataagiza daraja jipya. Anayeijua atachomoa matandiko moja moja kutoka kwenye kiunganishi, na lile ambalo likichomolewa sauti ya mengine inarudi ndilo lenye kosa.

Kuna kosa jingine la upimaji ambalo linastahili kutajwa kwa sababu hufanywa hata na mafundi redio hodari ambao hawajazoea magitaa. Pikapu ya sumaku ni koili ya waya, na multimita ikiwekwa kwenye omu husoma kwa kawaida kati ya kiloomu 6 na 15, hivyo fundi anayeona mita haisomi kitu kwenye piezo husema imekatika. Piezo kwa tabia yake ni kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji, na kapasita nzima haipitishi mkondo wa moja kwa moja. Mita kutosoma kitu ndiyo hali inayotakiwa. Kinachopaswa kukushtua ni mita kusoma karibu na sifuri, maana hiyo ni shoti. Ikiwa multimita yako ina kipimo cha kapasitansi, kitumie hicho: linganisha matandiko sita baada ya kuyachomoa kwenye priampu, na lile linalosoma mbali sana na wenzake limejitaja lenyewe. Usitafute namba fulani kutoka kwa mtu mwingine, kwa kuwa kila mtengenezaji ana seramiki yake na urefu wake wa waya. Linganisha la uzi mmoja na la uzi mwingine kwenye gitaa lako mwenyewe.

Kukarabati kilichopo na kubadilisha tandiko

Ukarabati unastahili kuchaguliwa kwanza pale kosa linapokuwa kwenye jeki, kwenye kishikio cha betri, kwenye swichi au kwenye kiungo cha lehemu kilichopasuka ndani ya tumbo la gitaa. Jeki ya stereo na kishikio cha betri ni vitu vya kawaida, na mtu aliye karibu na Kariakoo mjini Dar es Salaam au mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, ambako maduka ya vifaa vya elektroniki yamepangana, hana haja ya kuagiza chochote kutoka ng'ambo kwa ajili ya hivyo. Hata uzi mmoja ukinyamaza, usikimbilie tandiko jipya kabla ya kuhakikisha kwamba uzi umekalia tandiko sawasawa. Piezo inategemea mgandamizo. Uzi unaopita juu ya tandiko kwa pembe ndogo mno, au tandiko lililosimama kwa skrubu moja huku nyingine ikining'inia, halipati uzito wa kutosha na hutoa sauti dhaifu bila kuharibika. Kuinua na kushusha skrubu hizo hadi zote mbili zibebe, au kufunga uzi upya ili ushuke kwa pembe kali zaidi nyuma ya tandiko, ni kazi ya bisibisi na subira tu.

Mambo hubadilika waya unapokatika palepale unapotoka kwenye tandiko. Huu ndio mkato unaopatikana sana kwenye madaraja ya tremolo, kwa kuwa waya hupita kwenye chuma kinachosogea kila mkono wa tremolo unapobonyezwa, na hupinda mahali pale pale kila mara. Ikiwa umebaki urefu wa kutosha, fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kuunganisha waya mpya. Hata hivyo natoa tahadhari ya dhati: ncha ya pasi ya kulehemu mara nyingi huwekwa kwenye nyuzijoto 350 hivi, na seramiki ikipashwa joto kiasi hicho inaweza kupoteza kabisa tabia yake ya kutoa chaji. Pale ambapo mtengenezaji ametumia utando wa plastiki badala ya seramiki, hata nyuzijoto 100 ni nyingi mno. Kwa hiyo lehemu mbali na kipande chenyewe, gusa kwa muda mfupi, na bana waya kwa koleo ndogo kati ya mahali pa lehemu na tandiko ili koleo linyonye joto. Mkato ukiwa ndani ya tandiko lenyewe, nisingemshauri mtu achimbe; hapo kubadilisha tandiko ni busara zaidi kuliko kukarabati, hata kama bei ni kubwa.

Hapo ndipo tofauti kati ya mifumo inapoanza kuwa na uzito. Matandiko ya Graph Tech yanayoitwa Ghost yana waya mmoja mmoja unaotoka kwa kila uzi na kuingia kwenye ubao kwa kiunganishi kidogo cha kuchomeka, na mpangilio huo una faida kubwa wakati wa kutafuta kosa, kwa maana unaweza kuchomoa tandiko la uzi wa pili, ukachomeka la uzi wa tatu mahali pake, ukajua katika dakika chache kama kosa ni la tandiko au la ubao. Daraja la Powerbridge la Fishman nalo lina kipande chake kwa kila uzi, na hutengenezwa kwa maumbo tofauti kulingana na aina ya gitaa, lakini nyaya zake zikiwa zimekusanywa na kulehemiwa pamoja kipimo cha kubadilishana hudai pasi ya moto, na kila mguso wa pasi ni hatari ndogo ya ziada. X-Bridge la L.R. Baggs ni daraja zima la tremolo la kuweka badala ya lile la awali. Baadhi ya magitaa ya Godin hutumia matandiko ya RMC, ambayo katika baadhi ya miundo hupeleka ishara ya kila uzi peke yake kwenye jeki ya pini 13 kwa ajili ya sintesaiza. Huko uzi mmoja ukifa, sintesaiza haiupati kabisa, na kuvumilia uzi dhaifu, jambo ambalo mpigaji wa rithimu angeweza kulifanya, haliwezekani.

Ningelazimika kuchagua mfumo kwa kigezo cha urahisi wa matengenezo pekee, ningechukua ule wenye viunganishi vya kuchomeka. Kwa kigezo cha sauti, masikio ya watu hutofautiana, na mtu asiache mfumo anaoupenda kwa sababu ya lehemu. Ila jambo moja lisiachwe: usichanganye tandiko la mtengenezaji mmoja na matano ya mwingine ukitarajia uwiano. Kipande chenye kapasitansi na usikivu tofauti kitafanya uzi mmoja uchomoze juu ya wengine au uzame chini yao, na priampu ya kawaida haina kinobu cha kurekebisha uzi mmoja mmoja. Tandiko moja litafutwe la aina ile ile. Likikosekana, yabadilishwe yote sita.

Priampu ya ndani na priampu ya nje

Matandiko yakigongwa na yote yakanyamaza, betri ni nzima, hakuna shoti, na volti zinafika kwenye ubao, basi priampu yenyewe inashukiwa. Kuna njia ya kuthibitisha bila kununua kitu: peleka ishara ya matandiko, kabla ya priampu, moja kwa moja kwenye ingizo la amplifaya ya gitaa kwa waya mfupi wenye skrini, yaani uliofunikwa kwa wavu wa chuma unaozuia mngurumo. Ukisikia sauti, hata kama ni nyembamba, matandiko yako ni mazima na ubao ndio wenye kosa.

Wembamba huo una sababu, na kuielewa kutakusaidia kuchagua kati ya priampu ya ndani na ya nje. Kwa kuwa piezo ni kapasita, ikiunganishwa na ingizo lolote hufanya kichujio kinachokata besi, na mahali kinapokatia hutegemea impedansi ya ingizo hilo, yaani ukinzani wake kwa ishara. Tuchukue, kwa mfano wa hesabu, matandiko sita yenye kapasitansi ya jumla ya nanofaradi 1. Ukiyaunganisha kwenye ingizo la laini la miksa lenye kiloomu 10, kichujio kinakata kila kilicho chini ya hertzi 15,900 hivi, yaani karibu muziki wote. Kwenye kisanduku cha DI (cha kuunganisha chombo na miksa) kisichotumia umeme, chenye impedansi ya kiloomu 140, kinakata chini ya hertzi 1,140. Kwenye ingizo la amplifaya ya gitaa, ambalo kwa kawaida ni megaomu 1, kinakata chini ya hertzi 159, ilhali uzi wa sita ukipigwa wazi unatikisika mara 82 kwa sekunde. Sauti ya msingi ya uzi huo hupoteza zaidi ya nusu ya volti zake. Kwenye megaomu 10 kinashuka hadi hertzi 16, na uzi wa sita unapita salama.

Kutokana na hesabu hiyo, malalamiko ya kwamba piezo inalia kama kopo yanapaswa kutenganishwa na malalamiko ya kwamba imekufa. Piezo yenye sauti nyembamba mara nyingi ni nzima, ila imeunganishwa na ingizo lisiloifaa, au priampu yake imepitwa kando na swichi fulani. Hapo hakuna tandiko jipya litakalosaidia.

Priampu mpya ya ndani hurudisha gitaa kama lilivyokuwa: kinobu kile kile, uwezo ule ule wa kuchanganya sumaku na piezo kwa kebo moja, na hakuna kifaa cha ziada cha kubeba. Gharama yake ni kwamba ubao unapaswa kuingia kwenye tumbo lililochongwa kwa ubao mwingine, viunganishi vilingane na vya matandiko, na lehemu nyingi zifanyike upya. Priampu ya nje haina masharti hayo. Kifaa kama Para DI cha L.R. Baggs kina ingizo la megaomu 10, kina vinobu vya kurekebisha sauti, na kinaweza kupeleka ishara moja kwa moja kwenye miksa. Ukihama gitaa, kinahama nawe. Udhaifu wake ni wa aina nyingine: waya unaotoka kwenye piezo ghafi hadi kwenye kifaa hicho hudaka mngurumo kwa urahisi, na kebo yenyewe hula sehemu ya sauti. Kebo ya gitaa huwa na takribani pikofaradi 100 kwa kila mita; mita 5 zina pikofaradi 500, na zikiwekwa sambamba na nanofaradi 1 ya mfano wetu hushusha volti hadi theluthi mbili. Tofauti na pikapu ya sumaku, ambayo kebo ndefu huinyang'anya ile sauti ya juu, piezo hupungua kwa usawa, hivyo unaweza kufidia kwa kinobu cha sauti; lakini unapofidia sauti unaongeza na kelele.

Kati ya hizo mbili ipo njia ya tatu ambayo naipenda zaidi kwa mtu aliye mbali na maduka ya vyombo vya muziki, nayo ni kumwomba fundi wa elektroniki aunde bafa ndogo, yaani saketi yenye ingizo la impedansi kubwa, ya transista moja ya aina ya FET ndani ya gitaa. Inahitaji transista hiyo, rezista chache ambazo ile ya ingizo ni ya megaomu kadhaa, kapasita mbili na betri ya volti 9 iliyopo tayari. Haina vinobu vya kurekebisha sauti, na haitalingana na ubao wa kiwandani kwa utajiri, lakini inatatua tatizo kuu la impedansi, na kifaa chake kikiungua kinapatikana mjini. Mwombe fundi aiweke karibu iwezekanavyo na matandiko, na atumie waya wenye skrini kati yake na matandiko.

Wanaoishi Mombasa, Tanga, Zanzibar na miji mingine ya mwambao wana sababu ya kuongeza hatua moja kabla ya kuhukumu priampu. Sehemu ya saketi inayobeba megaomu 10 haivumilii uchafu: unyevu, chumvi ya hewa ya bahari na jasho la mkono vikijikusanya kwenye ubao au kwenye kiunganishi, hufanya njia ya pembeni ya mkondo. Njia hiyo ikifikia megaomu 1, ingizo lako la megaomu 10 halipo tena kwa vitendo, na besi huondoka kana kwamba umechomeka gitaa kwenye kifaa kisichofaa. Dalili yake ni mikwaruzo inayokuja na kuondoka, na piezo inayolia vizuri siku kavu na kukonda siku za masika. Toa betri, safisha ubao na viunganishi kwa alkoholi ya isopropili na brashi laini, acha vikauke kabisa, kisha jaribu tena. Mimi ningefanya hivi hata kama sijaona uchafu wowote kwa macho.

Mngurumo nao una hukumu yake ya haraka. Ukipungua unapogusa nyuzi au chuma cha jeki, tafuta waya wa ethi uliokatika au skrini isiyounganishwa. Na ikiwa piezo ni nzuri peke yake na sumaku ni nzuri peke yake, lakini zikichanganywa sauti inakonda, awamu zake zinapingana, yaani ishara moja inapanda wakati nyingine inashuka. Baadhi ya priampu zina swichi ndogo ya kugeuza awamu, na zisipokuwa nayo, kugeuza nyaya mbili za pikapu ya sumaku kunaweza kutosha, mradi waya wa skrini wa pikapu hiyo umetenganishwa na nyaya za koili.

Kuhamia pedali

Pedali ya kuiga gitaa kavu, kama AC-3 ya Boss, huchukua ishara ya pikapu ya sumaku na kuibadilisha ifanane na ya gitaa lenye tumbo wazi. Faida yake ni dhahiri: hakuna tandiko, hakuna waya mwembamba, na inafanya kazi kwenye gitaa lolote la umeme. Kwa mpigaji ambaye piezo aliitumia kwa wimbo mmoja au miwili katika onyesho zima, na ambaye daraja jipya lingemgharimu sehemu kubwa ya bei ya gitaa lenyewe, naona pedali ni uamuzi wa haki. Kwa anayepiga kwa vidole na kutegemea ule mguso wa kwanza wa kucha kwenye uzi, sivyo. Pikapu ya sumaku husikiliza uzi wa chuma unavyopita juu yake mahali fulani kati ya daraja na shingo, ilhali piezo husikiliza nguvu ya uzi pale unapokalia daraja, na pedali haiwezi kurudisha kile ambacho pikapu haikukisikia. Pedali pia haina msaada kwa aliyefunga nyuzi za nailoni, kwa kuwa sumaku hazizisikii kabisa. Kwake piezo ndiyo pikapu.

Wenye Variax ya Line 6 wako katika hali kama hiyo. Katika Variax, matandiko ya piezo ndiyo yanayoilisha kompyuta ndogo ya ndani inayounda sauti zote za magitaa inazoiga, na uzi mmoja ukifa kwenye tandiko, umekufa katika kila sauti ya kuigwa. Kwao, tandiko libadilishwe.

Ikiwa vipimo vyote vimekuonyesha kwamba ni lazima uagize, usiagize kwa jina la gitaa pekee. Pima kwa rula umbali kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita palepale kwenye matandiko: magitaa ya umbo la Stratocaster hugawanyika kati ya takribani milimita 56 za mtindo wa zamani na 52.5 za mtindo wa karibuni, na matandiko ya upande mmoja hayakai vizuri kwenye daraja la upande mwingine. Tazama kama tremolo imeshikwa kwa skrubu sita au kwa nguzo mbili. Kwa daraja la umbo la Tune-o-matic, pima umbali kati ya nguzo zake na unene wa nguzo zenyewe, kwa kuwa mashimo ya daraja jipya yanapaswa kuzikubali. Piga picha ya ubao na viunganishi vyake, umtumie muuzaji, na umwulize waziwazi kama tandiko hilo huuzwa peke yake na kama waya wake una kiunganishi kinacholingana na ulichonacho, kabla hujalipa.